Daftari la shukrani limegeuka la kukariri. Tuliache?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 15, 10 na 6, na tunaishi Morogoro. Tangu Januari tuna daftari la shukrani nyumbani. Kila usiku kabla ya kulala kila mtu anaandika mambo matatu anayoyashukuru, mdogo anaandikiwa. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa raha tupu. Sasa ni "namshukuru Mungu kwa uzima, chakula na wazazi" kila siku, na binti yangu mkubwa ameandika "kama jana" mara nne mfululizo. Mume wangu tangu mwanzo anasema mahali pa shukrani ni kanisani, si kwenye kaunta buku. Na mimi mwenyewe nilipunguzwa kazini mwezi wa tatu. Nikishika kalamu naona kama nadanganya. Tuliache, au kuna mahali tunakosea?

JIBU: Dada yangu, msiliache. Ila acheni kuandika kila usiku, tena kuanzia leo. Na huyo binti wa "kama jana" usimgombeze. Katika yote uliyonieleza kuhusu daftari lenu, hayo ndiyo maneno niliyoyaamini mara moja. Mengine ni maneno mazuri yaliyosimama mstarini kama wanafunzi asubuhi. Yeye amewaambia ukweli: leo na jana zimefanana machoni pake, kwa sababu swali ni lilelile, saa ileile, na usingizi uleule.

Nimefanya ushauri wa familia kwa miaka 14, na madaftari ya namna hii nimeyaona yakizaliwa na kufa katika nyumba nyingi, yangu ikiwemo. Sijaona hata moja lililokufa kwa sababu watoto hawana shukrani. Yanakufa kwa mambo mawili: kuandika kwa jumla, na wazazi kuligeuza daftari kuwa fimbo. La pili ni baya zaidi, nitalifikia.

Kwanza huo usiku wenu. Unakaa Morogoro, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia umeme ukirudi inakuwaje. Mtaa mzima watoto wanapiga kelele, "Umerudiii!", na hata mzee aliyekuwa amenuna barazani anacheka. Dakika kumi baadaye hakuna anayekumbuka kwamba taa inawaka. Hakuna aliyekosa shukrani pale, macho yamezoea tu. Daftari linalojazwa kila usiku nalo linazoeleka vivyo hivyo. Mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake, huko Marekani, walieleza jaribio la wiki sita ambamo wanafunzi wa chuo walihesabu mema waliyo nayo. Kundi moja lilifanya hivyo mara moja kwa wiki, jingine mara tatu. Waliojisikia vizuri zaidi mwishoni ni wale wa mara moja. Wale wa mara tatu hawakupata nyongeza yoyote.

Utakutana na watu watakaokuambia kila siku ndiyo dawa, nao hawakulitoa hewani. Mwaka huohuo wa 2005 Martin Seligman na wenzake walichapisha zoezi la mambo matatu mazuri: kila usiku kwa wiki moja unaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa nini yalikwenda vizuri. Walioandika walikuwa bado na furaha zaidi na huzuni pungufu hata miezi sita baadaye. Lakini liangalie zoezi lenyewe. Walipewa wiki moja. Ninyi mmejipa tangu Januari. Na walitakiwa kuandika sababu. Ninyi mmechukua usiku na idadi ya mambo, sababu mkaiacha njiani.

Nikupe na upande wa pili, usije ukalibebesha daftari mzigo usio wake. Utafiti unaotajwa zaidi katika habari hizi ni wa Robert Emmons na Michael McCullough, wa mwaka 2003. Wanafunzi waliandika kila wiki kwa wiki kumi, wengine mambo wanayoyashukuru, wengine kero, wengine matukio yoyote tu. Wa shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi, na hata mazoezi ya mwili walisema wanafanya zaidi. Sawa. Lakini ukimkalisha mtu aorodheshe kero zake kwa wiki kumi, unategemea awe na uso gani? Sehemu ya tofauti iliyoonekana inaweza kuwa ni uchungu wa waliohesabu kero, kuliko utamu wa waliohesabu baraka. Baadaye watu walipozikusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, kama walivyofanya Cregg na Cheavens mwaka 2020, walikuta nguvu ya mazoezi haya juu ya sonona na wasiwasi ni ndogo. Ipo, ila ni ndogo. Mimi silitumii daftari hili kumponya mtu. Nalitumia kwa sababu linawafanya watu wanaoishi chini ya bati moja waonane.

Sasa hiyo "namshukuru Mungu kwa uzima". Usiikataze, kwa sababu ni imani yenu na ni adabu yetu sote. Sisi shukrani tumeipachika ndani ya salamu kabisa. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema "tunamshukuru Mungu", hata kama mtoto ana homa na gesi imeisha ugali ukiwa jikoni. Jirani yako Mwislamu atasema alhamdulillahi. Vizuri sana. Shida ni kwamba kitu kikishakuwa salamu, mdomo unakitoa wenyewe, moyo ukiwa mahali pengine. Mtoto wako wa miaka 10 anapoandika uzima, chakula na wazazi, anawasalimia tu. Hajaangalia kitu.

Neno letu ahsante limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni "umefanya vizuri". Kuna mtu, na kuna alichofanya. Basi sharti langu kwa daftari ndilo hilohilo: jambo moja, si matatu, mara moja kwa wiki, na liwe na mtu, alichokifanya, na siku yake. Badala ya "nashukuru kwa chakula", mtoto aandike: "Jumanne kaka aliniachia ukoko wote wa wali, na zamu ilikuwa yake." Badala ya "nashukuru kwa wazazi": "Alhamisi baba alisimama getini na mwavuli mpaka gari la shule likaja, na alikuwa amechelewa kazini." Mtoto mmoja ninayemfahamu aliandika kuhusu konda aliyemwita kutoka mlangoni amrudishie shilingi mia mbili aliyoisahau. Mstari mmoja tu, ila baba yake aliniambia tangu siku hiyo anawatazama makonda kwa macho mengine.

Mdogo wa miaka 6 hawezi kufika hapo peke yake, anahitaji kuulizwa. Andrea Hussong wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, pamoja na wenzake, wamechunguza jinsi wazazi wanavyozungumza na watoto kuhusu shukrani. Wanaigawa katika mambo manne: kuona, kufikiri, kuhisi na kutenda. Wazazi wengi tunakimbilia la nne: "Umesema asante?" Mtoto anasema asante huku anatazama pembeni, sisi tumeridhika. Nikuonyeshe yale mengine yanavyokuwa yakipewa nafasi. Haya yalitokea mezani kwangu, mwanangu wa mwisho akiwa na umri wa huyo wako:

"Mimi nashukuru kwa sketi."

"Sketi gani?"

"Ya shule."

"Imefanyaje?"

"Ilichanika, bibi akaishona."

"Nani alimwambia imechanika?"

Akafikiri. "Hakuna. Aliiona kwenye kamba."

"Kwa hiyo hakuna aliyemtuma?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, kama mtu aliyegundua siri: "Bibi aliiona mwenyewe."

Hapo ndipo pa kuandika. Mpaka dakika ile sketi ilikuwa imejirekebisha tu, kama vitu vyote vinavyojirekebisha katika nyumba zetu mikono ya mtu fulani ikiwa haionekani. Nilimuuliza tena kama kuna kitu angependa kumfanyia bibi. Akasema bibi haoni tundu la sindano, atamtungia uzi. Na alifanya hivyo kwa muda mrefu, mpaka ikawa ni kazi yake rasmi na akaanza kudai asiguswe sindano zake. Kumbuka maswali yangu yalikuwa mafupi na hayakuwa na mahubiri ndani yake. Ningesema "unaona bibi anavyokupenda?", mazungumzo yangeishia hapo. Kwa umri huo kuandika si lazima pia. Achore sketi, ninyi muandike neno moja chini ya mchoro.

Tuje kwenye fimbo.

Kiswahili kina neno ambalo kila mtoto aliyelelewa kwa ndugu analijua: masimango. Umekula kwangu, umelala kwangu, nimekusomesha, halafu leo unanijibu hivi? Anayesimanga hadanganyi, fadhila alizifanya kweli. Ila amezigeuza deni, na deni hilo halina risiti wala siku ya kumalizika. Mtu akishasimangwa anajifunza jambo moja: kupokea ni hatari. Sasa fikiria mtoto amekuandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa tarehe, fadhila zote ulizomfanyia. Umepewa silaha.

Mimi niliitumia. Kijana wangu akiwa na miaka 11 aliandika kwamba anamshukuru baba yake kwa viatu vya mpira, na jinsi walivyozunguka sokoni mpaka wakapata saizi yake. Haikupita wiki, akavisahau uwanjani, vikaondoka. Nikamwambia mbele ya wageni: "Si wewe uliyeandika unashukuru? Ndiyo shukrani yenyewe hii? Kweli shukrani ya punda ni mateke." Hakujibu. Jumapili iliyofuata akaandika: "Nashukuru kwa hewa." Na Jumapili nyingine, hewa. Hewa kwa wiki tano. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtoto alikuwa ametafuta, kwa akili kabisa, kitu pekee ambacho hakuna mtu nyumbani angeweza kumsimangia. Nilimwomba radhi, mbele ya dada zake. Ikapita wiki nyingine ya hewa, ndipo akaandika kitu.

Kwa hiyo hili naomba mliafikiane ninyi wazazi wawili kabla ya kuendelea: kilichoandikwa kwenye daftari hakitajwi kwenye ugomvi. Hakitumiki kumwomba mtoto aoshe vyombo, hakisomwi kwa wageni, hakipigwi picha kikawekwa kwenye grupu la ukoo. Na usilipekue kutafuta jina lako. Hili ni gumu kwa akina mama, nasema kwa uzoefu. Utapika, utafua, utahangaikia ada, halafu mtoto atamshukuru konda. Ni kwa sababu konda anaonekana kirahisi, ni mgeni. Wewe upo kama taa inayowaka. Zamu yako itakuja, na itakuja kwa jambo ambalo hukulitegemea kabisa, tena pengine dogo la kukuudhi.

Kama mna dada wa kazi, akae mezani na ninyi, si kusuuza masufuria huku ninyi mnashukuru chakula alichokipika. Azungumze akitaka. Asitakiwe kuwashukuru ninyi; na kama kuna mshahara wake mnaodaiwa, ulipeni kwanza ndipo mje kwenye daftari.

Shemeji naye ana hoja, usimdharau. Anaogopa kwamba kitu cha Mungu kimegeuzwa zoezi la kitabuni. Mkumbushe kwamba Zaburi ya 103, ile ya "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana", haikuishia kwenye kuhimidi, imeongeza "wala usizisahau fadhili zake zote". Mwenye zaburi alijua binadamu anasahau. Na wale kumi wenye ukoma katika Luka 17 walitakaswa wote wakiwa njiani, na sidhani kama kuna aliyenuna. Pengine wote walishukuru kimoyomoyo. Aliyeandikwa ni mmoja aliyegeuka akarudi kwa miguu yake. Waislamu wana hadithi ya Mtume kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Mimi sioni ugomvi kati ya kanisa na daftari. Kanisani anashukuriwa Mungu kwa yote. Nyumbani anatajwa bibi kwa sketi.

Lakini hoja za Maandiko hazitamkalisha mwanamume mezani kama hapendi kuandika, na wengi hawapendi. Kwa hiyo mvueni kalamu. Fanyeni kama kikao cha kikoba: mtoto wa miaka 10 awe katibu. Katibu ndiye anayeandika, wengine wanasema tu. Anaandika tarehe, waliohudhuria, na alichosema kila mmoja kwa mstari mmoja au miwili. Utashangaa mtoto wa umri huo anavyokipenda cheo. Atamwambia baba yake "rudia, sijasikia vizuri", na baba atarudia. Kuna nyumba moja katibu wao aliandika kwenye mhtasari: "Baba amechelewa kikao bila taarifa." Walicheka mwezi mzima, na baba hakuchelewa tena. Nimeona pia kwamba wanaume wengi ambao hawawezi kusema "nashukuru" wanaweza vizuri sana kusema "nilimwona fulani anafanya hivi". Ni jambo lilelile. Katibu aandike hivyohivyo.

Mkubwa wa miaka 15 apewe ruhusa ya kusema "sina". Ruhusa ya kweli, isiyofuatwa na macho. Mwaka 2008 Jeffrey Froh na wenzake walilijaribu zoezi hili kwa wanafunzi 221 walioanza balehe, kila siku kwa wiki mbili, na walioandika shukrani waliridhika na maisha zaidi na kutazama mbele kwa matumaini zaidi, hasa wakilinganishwa na waliopewa kazi ya kuandika kero. Wiki mbili, si zaidi. Binti yako ametimiza miezi. Akitaka daftari lake mwenyewe mnunulie, na usilisome hata likiachwa wazi kitandani. Wakati wa likizo unaweza kumpendekezea, mara moja tu, amwandikie barua mtu aliyewahi kumsaidia ambaye hakupata kumshukuru vizuri, labda mwalimu wa shule ya msingi, na akaisome mbele yake. Seligman alilijaribu na hilo: linapandisha furaha kuliko mazoezi mengine yote aliyoyapima, kisha furaha hiyo inashuka ndani ya miezi michache. Kwangu hiyo si kasoro. Harusi nayo ni siku moja.

Nimeliacha la kazi yako mwisho, maana nadhani ndilo lililokufanya uniandikie.

Pole sana, dada. Unasema ukishika kalamu unajiona unadanganya, na ninakuelewa. Umebeba wazo kwamba kuandika jambo jema ni kutia sahihi kwamba mambo ni mazuri. Msibani mfiwa anaambiwa "shukuru Mungu" kabla hajamaliza kulia. Mwenye kusema ana nia njema, lakini mara nyingi neno hilo linamfunga mtu mdomo. Wewe umekuwa ukijifunga mdomo mwenyewe, kila usiku, kwa kalamu.

Ila huko huko msibani kuna shukrani ya aina nyingine, na umeisikia mara nyingi. Siku ya mwisho msemaji wa familia anasimama kutoa neno la shukrani. Anawataja majirani walioleta masufuria na viti. Anawataja vijana waliochimba kaburi mvua ikinyesha. Anamtaja aliyetoa gari, waliolala chini siku tatu, waliochanga. Anakohoa, sauti inakatika, anaendelea. Hakuna hata mtu mmoja pale anayedhani familia imefurahia kufiwa, na hakuna anayemwona msemaji mnafiki. Marehemu ameondoka kweli, na jirani alileta sufuria kweli. Andika hivyo.

Yaani: "Wiki hii nimeogopa kuhusu ada ya muhula ujao. Jumatano mama wa nyumba ya pili aliniletea mchicha, hakuuliza kitu." Mistari yote miwili inakaa ukurasa mmoja, wala usiweke "lakini" katikati yake. Na uiseme mbele ya watoto. Wanajua tayari, mtoto wa miaka 10 anajua mama aliyekuwa akiondoka saa kumi na mbili asubuhi sasa haondoki. Asichokijua ni kama ni ruhusa kulitaja. Wasiambiwe hesabu za madeni, hizo ni za ninyi wawili. Waambiwe kwamba kazi ilipunguzwa, kwamba mnatafuta nyingine, na kwamba kuogopa kidogo kunaruhusiwa katika nyumba hii.

Wakati huu wa kubana matumizi utajikuta ulimi unawasha kusema, "Shukuruni, kuna watoto wanalala njaa." Najua, sote tumelelewa nalo. Mtoto wa miaka 6 akilisikia hajifunzi kushukuru. Anajifunza kwamba njaa yake, au huzuni yake ya kukosa safari ya shule, hairuhusiwi kwa sababu kuna mwenye zaidi. Kuna njia nyingine ya kuona kitu kabla hakijazoeleka. Minkyung Koo na wenzake waliichunguza mwaka 2008: badala ya kuwaambia watu waandike jinsi walivyokutana na wenzi wao, waliwaambia waandike jinsi ambavyo wangeweza wasikutane kabisa. Waliofikiria kutokutana ndio walioridhika zaidi na wenzi wao. Jaribu na shemeji usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. Ungechukua basi jingine siku ile, ingekuwaje? Msiandike popote, hilo si la katibu.

Na uwe na daftari lako la pili, la peke yako, lisilo la shukrani. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku nne, waandike tukio lililowaumiza na walivyojisikia. Mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi, usishangae na wewe ikikutokea. Ila katika miezi iliyofuata wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Andika hasira yako kwa mwajiri huko, kwa maneno unayoyataka, kisha ukitaka lichome. Lakini ikiwa usingizi umekupotea kwa wiki mbili na zaidi, chakula hakipiti, na hakuna jambo lolote linalokupa hata nafuu ndogo, nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha uso kwa uso. Hapo kalamu haitoshi, na hakuna aibu yoyote.

Mengine ni madogo. Chagueni siku ambayo wote mpo. Kwa wengi ni Jumapili baada ya chakula cha jioni. Dakika 15 zinatosha, simu zikiwa chumba kingine, na yako pia. Endeleni wiki sita, kisha mpumzike kabisa mpaka msimu mwingine: Kwaresima, likizo ya Desemba, mtakavyopanga. Daftari likikaa kabatini miezi miwili halijafa. Na siku ya mwisho wa mwaka katibu asome mihtasari kwa sauti. Hapo ndipo mtakapokumbuka mambo ambayo mngeapa hayakutokea.

Daftari la zamani msilitupe, wala msinunue jipya. Fungueni ukurasa unaofuata ile "kama jana" ya nne. Jumapili hii, kabla katibu hajaandika chochote, muulize binti yako, bila kejeli, hiyo jana ilikuwaje. Akisema "kawaida tu", katibu aandike "kawaida tu", aweke tarehe, na kikao kifungwe. Kuhusu ukoko, mtakubaliana wenyewe ni zamu ya nani.